Kabla ya kununua mashine ya kukata nyasi ya ‘ziro-tani’: Mteremko kwanza, bei baadaye

Nyumba yenye ekari moja au mbili za nyasi si jambo la ajabu pembezoni mwa miji ya Marekani, kuanzia Texas na Georgia hadi Ohio na Minnesota. Ni majimbo hayo hayo ambako familia nyingi kutoka Kenya, Tanzania na Congo zimehamia na kununua nyumba.

Wengi wao walikulia mahali ambapo nyasi zikirefuka anaitwa kijana mwenye fyekeo, anamaliza kazi na kulipwa jioni. Ugenini mambo ni tofauti. Kumlipa mtu kila wiki ni ghali, na miji mingi ina sheria ndogo zinazomtoza faini mwenye nyumba aliyeacha nyasi zipite urefu uliowekwa.

Basi majira ya machipuko yakifika, maduka makubwa hupanga mashine za kukata nyasi za kupanda nje ya mlango. Inayovuta macho zaidi ni ile inayoitwa “ziro-tani”. Tani hapa ni neno la Kiingereza la kugeuka, siyo tani ya mzigo. Bei ya zile za matumizi ya nyumbani huanzia karibu dola 3,000 na kupanda hadi dola 6,000 au zaidi.

Muuzaji kwa kawaida huanza na nguvu ya injini na kasi. Lakini swali la kwanza siyo la mashine, ni la uwanja wenyewe: una mteremko kiasi gani? Jibu lake linaweza kuokoa hela nyingi, na linaweza kuokoa maisha.

Inavyofanya kazi

Ziro-tani nyingi hazina usukani. Mbele ya kiti kuna mikono miwili ya chuma, mmoja kushoto na mwingine kulia. Kila mkono unaendesha gia moja ya haidroliki, na kila gia inazungusha tairi moja la nyuma.

Mikono yote ikisukumwa mbele sawasawa, mashine inakwenda moja kwa moja. Mmoja ukisukumwa zaidi, inakata kona. Mmoja ukienda mbele na mwingine ukivutwa nyuma, mashine inazunguka hapo hapo ilipo, kama pia.

Magurudumu ya mbele hayaongozi chochote. Yanazunguka huru, kama yale ya kigari cha supamaketi, yakifuata tu kule nyuma inakotaka.

Mashine za namna hii zilianza kutengenezwa Kansas miaka ya 1960. Kwa muda mrefu zilikuwa za makampuni yanayokata nyasi kwa biashara, kabla ya bei kushuka na kuingia majumbani. Sifa yake kubwa ni kuokoa muda kwenye uwanja wenye miti, vitanda vya maua na kona nyingi. Trakta ndogo ya bustani inapolazimika kurudi nyuma na kujipanga upya, ziro-tani inauzunguka mti na kuendelea.

Kwa nini mteremko ni hatari

Hapa ndipo penye tatizo. Kwenye ziro-tani, matairi mawili ya nyuma yanafanya kazi zote tatu: kuendesha, kufunga breki na kuongoza. Tairi moja likiteleza kwenye nyasi zenye umande, dereva anapoteza vyote kwa mpigo. Mashine inaanza kushuka yenyewe, na magurudumu ya mbele hayawezi kumsaidia kukwepa kitu.

Trakta ndogo nayo inaweza kuteleza au kupinduka, ila magurudumu yake ya mbele yanaongozwa na usukani. Tairi la nyuma likikosa nguvu, dereva bado ana namna ya kuielekeza.

Uzito nao siyo wa mchezo. Ziro-tani ya nyumbani huwa na kilo 250 hadi 350 hivi. Ikipinduka kwenye ukingo wa ukuta au ikaingia bwawani huku mtu akiwa chini yake, hawezi kuisukuma.

Ndiyo maana vitabu vya maelekezo vya mashine nyingi vinataja kikomo cha digrii 15, na vingine huweka digrii 10 tu. Siyo maneno ya kujikinga na kesi. Ni kipimo cha kuzingatiwa.

Kupima kwa simu

Kupima mteremko hakuhitaji fundi. Simu nyingi zina programu ya kupima usawa, au inaweza kupakuliwa bure. Mtu achukue ubao ulionyooka wa mita moja au zaidi, aulaze chini kwa kufuata mteremko, aweke simu juu yake na kusoma digrii. Apime sehemu kadhaa, hasa ile kali kuliko zote.

Asiyetaka programu atumie kamba ya mita 3. Ncha moja ishikwe chini upande wa juu wa mteremko, nyingine ivutwe hadi kamba ilale sawa kabisa hewani. Kisha apime kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Sentimita 53 ni digrii 10. Sentimita 80 ni digrii 15.

Uwanja ukizidi digrii 15 mahali, mahali hapo siyo pa ziro-tani. Mwenye nyumba anaweza kupaacha pakatwe kwa mashine ya kusukuma kwa mkono au ya kamba, au apande mimea isiyohitaji kukatwa. Na kama sehemu kubwa ya uwanja ni mlima, heri trakta ndogo yenye usukani, ambayo bei yake huanzia karibu dola 2,000. Nayo ina kikomo chake kitabuni, mara nyingi digrii hizo hizo 15.

Zipo pia ziro-tani chache zenye usukani unaogeuza magurudumu ya mbele, kama baadhi ya modeli za Cub Cadet. Ni nafuu kwenye miteremko midogo, lakini kikomo cha kitabuni bado kinabaki.

Jambo lingine ni upinde wa chuma unaosimama nyuma ya kiti, unaomlinda dereva mashine ikipinduka. Modeli nyingi za nyumbani za bei ya chini hazina. Kwenye zile zenye nao, kanuni ni hii: upinde ukiwa umesimama, mkanda ufungwe; ukiwa umekunjwa, mkanda usifungwe. Kufunga mkanda bila upinde ni kujifunga kwenye kitu kinachopinduka.

Upana: hesabu inayoshangaza

Ziro-tani huuzwa kwa upana wa kukata: inchi 42, 48 hadi 54, na 60. Wengi hudhani kubwa zaidi ndiyo bora. Hesabu inasema vingine.

Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, na ukitoa sehemu ya tano kwa ajili ya kona na mistari inayopishana, mashine ya inchi 42 hukata kama ekari 1.7 kwa saa. Ya inchi 54 hukata kama ekari 2.2. Kwenye ekari 2, ya kwanza inatumia dakika 70 hivi na ya pili dakika 55. Tofauti ni robo saa tu. Kwa mtu wa ekari 2 au chini ya hapo, robo saa hiyo haitoshi kuhalalisha dola elfu nzima ya ziada.

Mwenye ekari 3 au 4 ataanza kuona faida ya inchi 54. Ya inchi 60 ni ya uwanja mkubwa zaidi ulio wazi. Tena kwenye ardhi yenye mabonde na vinundu, mashine pana hunyoa vilele hadi udongo ukaonekana, huku mabondeni nyasi zikibaki ndefu.

Halafu kuna geti. Mashine ya inchi 42 siyo kitu cha inchi 42. Mdomo wa pembeni unaotupa nyasi huongeza kama futi moja hivi unaposhushwa. Mdomo huo unaweza kuinuliwa wakati wa kupita, visu vikiwa vimezimwa, lakini haupaswi kung’olewa, kwa sababu ndio unaozuia mawe kurushwa kwa watu. Mnunuzi apime geti la uani kwanza. Si ajabu mtu kushusha mashine kwenye lori na kugundua kwamba haipiti.

Gia na deki

Mashine mbili zenye injini moja na upana mmoja zinaweza kupishana kwa dola 1,500. Sababu mara nyingi iko kwenye gia na deki, yaani lile bakuli la chuma linalofunika visu.

Deki za bei ya chini hutengenezwa kwa bati moja lililofinyangwa kwa mashine. Za bei ya juu hukatwa kwenye chuma kinene na kuchomelewa. Unene hutajwa kwa geji, na hapa hesabu ni kinyume: namba ndogo ndiyo nene. Geji 13 ni kama milimita 2.3, geji 10 ni kama milimita 3.4. Kwenye uwanja uliosafishwa vizuri, bati lililofinyangwa linatosha miaka mingi. Kwenye shamba lenye mizizi na mawe, chuma kilichochomelewa kinalipa.

Gia ndiyo sehemu ghali zaidi kurekebisha. Modeli nyingi za kuanzia zina gia zilizofungwa moja kwa moja, zisizokusudiwa kubadilishwa oili. Za kiwango cha juu zina kichujio cha oili kinachobadilishwa, hivyo hudumu zaidi. Mnunuzi anaweza kuuliza swali moja tu dukani: oili ya gia hii inabadilishwa? Jibu litamwambia mashine ilitengenezwa kwa kazi ya aina gani.

Petroli au betri

Injini za petroli za Kawasaki, Kohler na Briggs & Stratton ndizo nyingi sokoni, kwa kawaida zikiwa na nguvu za farasi 20 hadi 25. Kwa uwanja wa nyumbani nguvu hiyo inatosha. Farasi wawili wa ziada hawabadilishi chochote kinachoonekana kwenye nyasi. Petroli iwe na ethanoli isiyozidi asilimia 10. Ile ya E15 au E85 inaharibu injini hizi.

Za betri, kama za Ego na Ryobi, hazina kelele nyingi wala oili ya injini. Jambo la kuangalia ni ekari zinazokatwa kwa chaji moja, na bei ya betri mpya siku ya kubadilisha. California imekwenda mbali zaidi: injini ndogo za petroli za vifaa vya bustani zilizotengenezwa kuanzia 2024 haziruhusiwi kuuzwa zikiwa mpya.

Kazi ya pembeni na waranti

Wapo wanaonunua wakiwa na wazo la kukata na nyasi za majirani kwa malipo, ili mashine ijilipe yenyewe. Wazo si baya, ila waranti ya mashine ya nyumbani ni ya nyumbani. Ikitumika kwa biashara, muda wa waranti mara nyingi hupunguzwa sana au hufutwa kabisa. Mwenye mpango huo aangalie mashine za biashara, ambazo bei yake ni ya juu zaidi, au asome karatasi ya waranti kabla ya kuchukua mteja wa kwanza.

Fundi naye ni sehemu ya bei. Mashine iliyonunuliwa kwa wakala aliye karibu, mwenye vipuri na karakana, mara nyingi ni bora kuliko iliyopungua dola 200 lakini fundi wake yuko mji mwingine.

Watoto wasipandishwe

Nchini Marekani, chama cha madaktari wa watoto kinashauri mtu asiendeshe mashine ya kupanda kabla ya kufika miaka 16, na mtoto asibebwe kabisa kama abiria. Wakati wa kukata, watoto wakae ndani ya nyumba. Mashine inayogeuka kwa sekunde moja haimpi aliye nyuma yake muda wa kukimbia.

Maswali sita kabla ya kulipa

1. Sehemu kali kuliko zote ya uwanja ina digrii ngapi?
2. Kitabu cha mashine hii kinaruhusu digrii ngapi?
3. Geti lina upana gani, na mashine ina upana gani mdomo ukiwa umeshushwa?
4. Uwanja una ekari ngapi za nyasi, ukitoa nyumba, njia ya gari na miti?
5. Oili ya gia inabadilishwa?
6. Nani atatengeneza ikiharibika, na waranti inakataza nini?

Maswali manne kati ya hayo yanaanza kujibiwa nyumbani, kwa simu, futi ya kupimia na kitabu cha maelekezo ambacho kampuni nyingi hukiweka bure mtandaoni. Atakayefika dukani na majibu hayo hatayumbishwa na rangi ya mashine wala punguzo la wikiendi. Na kama kipimo kilisema digrii 18, atajua kwamba ziro-tani, hata ikiuzwa nusu bei, siyo mashine ya uwanja wake.