Ndege wa Aberdare na Maji ya Huruma

Mkazi wa Huruma anayepanga mitungi kwenye foleni ya maji huenda asifikirie ndege. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, linalojazwa na mito inayoanzia msitu wa milima ya Aberdare. Msitu ukiharibiwa, mito hupungua wakati wa kiangazi na hujaa tope wakati wa mvua. Njia mojawapo ya kutambua mapema hali ya msitu ni kuhesabu ndege wake.

Ndege huhesabiwa vipi?

Katika misitu ya nyanda za juu, miti imesongamana na ukungu ni mwingi. Kwa hivyo wanaohesabu hutegemea masikio kuliko macho. Hufika asubuhi na mapema, ndege wanapolia zaidi, husimama mahali palipowekwa alama, na kwa dakika kadhaa huandika kila ndege wanayemsikia au kumwona. Kisha husonga hadi kituo kinachofuata. Hesabu ya siku moja haisemi mengi. Kazi hiyo hurudiwa katika vituo vilevile na msimu uleule, ili miaka ilinganishwe.

Hesabu inasema nini?

Kwezi wa Abbott, aliye hatarini kutoweka, hutaga mayai katika matundu ya miti mikubwa. Miti hiyo ikikatwa kwa mbao au makaa, naye hupungua. Hondohondo na shorobo hula matunda na kusambaza mbegu. Wakitoweka, miti hukosa wa kuipanda. Nao ndege wa mashambani wakianza kusikika ndani ya msitu, ni dalili kwamba miti imepungua.

Nani hufanya kazi hiyo?

Wamo wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, shirika la Nature Kenya na vikundi vya wenyeji kama KENVO cha Kijabe, katika msitu wa Kikuyu Escarpment, kusini mwa Aberdare. Pamoja na ndege, wenyeji huandika visiki, matanuri ya makaa na mifugo wanayoikuta msituni.

Ndege wa mtaani pia wana habari. Mwewe wanaozunguka juu ya Huruma hufuata taka; palipo na mwewe wengi, mara nyingi pana taka ambazo hazijazolewa.

Wakazi wanaotaka kujifunza wanaweza kujiunga na matembezi ya kutazama ndege ambayo Nature Kenya huandaa kila Jumatano asubuhi, kuanzia Makavazi ya Nairobi.