Beni: Freni ya diski ikilegea, motari wa Mulekera anaweza kuitengeneza nyumbani

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita zipatazo 54. Butembo iko kwenye mita zaidi ya 1.700 juu ya bahari, Beni karibu na mita 1.200. Kwa hiyo motari anayerudi Mulekera jioni, na abiria wawili nyuma na gunia mbele, anashuka kuliko anavyopanda. Wako wanaozima mota kwenye miteremko ili kuokoa esanse. Hapo gia haisaidii tena, uzito wote unabaki kwa freni.

Freni ya nyuma ya pikipiki nyingi za taksi ni ya ngoma, inavutwa na chuma. Ya mbele, kwa zile zenye diski, inafanya kazi kwa mafuta: ukikamata mkono, mafuta yanasukumwa ndani ya tiyo, yanasukuma pistoni, nayo pistoni inakaza plaketi juu ya diski. Mafuta hayakubali kubanwa, ndiyo maana nguvu inafika yote. Hewa inabanwa. Ikiingia hata kidogo, mkono unakuwa laini na unafika mpaka kwenye usukani.

Lakini adui anayesahauliwa ni maji. Mafuta ya freni ya DOT 3 na DOT 4 yanavuta maji kutoka hewani, polepole, na kwetu mvua si haba. DOT 4 mpya inachemka kwenye digri 230 au zaidi. Ikiisha kunywa maji inaweza kuchemka kwenye digri 155. Kwa DOT 3 ni 205, kisha 140. Diski ikipata moto kwenye mteremko mrefu, mafuta yanachemka, mvuke unakaa ndani ya tiyo kama hewa, na freni inakosekana. Ukisimama, inapoa na inarudi. Fundi anaitazama, anasema ni nzima.

Kutoa hewa hakuhitaji garaji kubwa. Tafuta funguo ya 8 (wakati mwingine ya 10), tiyo ndogo ya plastiki inayopitisha macho, chupa, seringi ya farmasi, na mafuta mapya ambayo chupa yake haijafunguliwa. Aina yake imeandikwa juu ya kifuniko cha kopo la freni. Funika tanki kwa kitambaa, kwa sababu DOT inakula rangi. Ikimwagika, osha mara moja kwa maji.

Tazama plaketi kwanza. Mafuta yakishuka ndani ya kopo, mara nyingi ni plaketi zimekwisha, wala si kwamba yanavuja.

Vuta mafuta ya zamani kwa seringi, jaza mapya. Funga tiyo juu ya chuchu ya kutolea hewa, chini kwenye pistoni, ncha nyingine iingie ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Kamata mkono, ushikilie, fungua chuchu robo ya mzunguko, ifunge, ndipo uachie mkono. Ukiachia kabla ya kufunga, hewa inarudi na umefanya kazi bure. Rudia mpaka mafuta yatoke safi bila viputo, na kopo lisikauke hata mara moja. Hewa ikigoma, funga mkono wa freni kwa kamba ya mpira usiku kucha. Viputo vidogo hupanda vyenyewe.

Kinachoua freni kabisa ni kumimina mafuta ya mota kwa sababu ndiyo yaliyo karibu. Mipira ya ndani inavimba, pistoni inakwama, na hapo utanunua freni nzima.

Kwa baiskeli za milimani zenye diski, kazi ni ileile ila mafuta yanatofautiana: Shimano na Magura zinatumia mafuta ya madini, freni nyingi za SRAM zinatumia DOT. Usibadilishane. Tena, baiskeli ikigeuzwa magurudumu juu kwa kuziba shimo, hewa ya kopo inaweza kushuka ndani ya tiyo. Ukiisimamisha, kamata freni mara kadhaa kabla ya kupanda.

Na pikipiki vilevile: ukimaliza, isukume kwa mikono uani, ukamate freni ya mbele. Ikisimama papo hapo, ijaribu barabarani bila abiria. Mafuta ya zamani usiyarudishe ndani ya kopo, hata yakionekana safi.