Pikapu ya zamani, tope la Njombe na bei ya gunia la viazi

Mvua zinapokolea mkoani Njombe, gunia la viazi mviringo huanza kushuka bei kabla halijapakiwa garini. Mnunuzi anayesimama shambani haangalii viazi peke yake. Anaangalia pia kilometa za tope zilizoko kati ya shamba hilo na lami, na anakata kwenye bei gharama ya kuzipita. Ndiyo maana viazi vya aina moja, vilivyochimbwa siku moja, huwa na bei mbili: bei ya shambani na bei ya barabarani.

Tatizo haliko kwenye barabara kuu. Kutoka Njombe mjini hadi Makambako ni takriban kilometa 60 za lami, na Makambako ni njia panda: mzigo unaweza kuelekea Dar es Salaam, Mbeya na Tunduma, au kurudi kusini hadi Songea. Tatizo liko kwenye njia za udongo mwekundu upande wa Uwemba, Lupembe na vijiji vingine vya milimani. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017, unahudumia barabara za wilaya, lakini kipande cha mwisho kinachoingia shambani mara nyingi ni cha mkulima mwenyewe.

Kalenda nayo haimsaidii. Njombe ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Viazi vinavyopandwa Novemba na Desemba hukomaa baada ya miezi mitatu hadi minne, yaani huvunwa wakati njia ziko katika hali mbaya kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Gari linalofanya kazi hiyo mara nyingi ni pikapu ya zamani inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Toyota Hilux ilianza kuuzwa mwaka 1968, na toleo lake la kuvuta kwa magurudumu yote manne lilikuja mwaka 1979. Hata baada ya hapo, pikapu za kuvuta nyuma ziliendelea kutengenezwa kwa wingi kwa sababu ni nafuu, nyepesi na hazina mambo mengi ya kuharibika. Mwenye pikapu ya namna hii akikwama mara tatu kwa wiki huanza kufikiria kuiuza ili anunue ya magurudumu manne. Kabla ya kufika huko, ni vizuri afahamu kwa nini gari lake linateleza, kwani dawa nyingi hazigharimu hata sehemu ndogo ya tofauti ya bei ya magari hayo mawili.

Kwa nini gurudumu linazunguka bure

Gurudumu hushika ardhi kwa mambo mawili: uzito ulio juu yake na ubora wa mgusano kati ya tairi na udongo. Pikapu tupu ina kasoro katika jambo la kwanza. Injini, gia na dereva vyote viko mbele, na nyuma kuna bodi ya bati tu. Chukulia pikapu yenye uzito wa kilo 1,200 ikiwa tupu: inaweza kuwa na kilo 700 mbele na kilo 500 tu nyuma, huku magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Hii ndiyo sababu madereva wengi hukwama wakati wa kwenda shambani na gari tupu, kisha gari hilo hilo likipakiwa linatoka.

Jambo la pili ni difu. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa magurudumu mawili ya nyuma ili gari liweze kukata kona vizuri. Lakini moja likiingia kwenye utelezi, linahitaji nguvu kidogo sana kuzunguka, na lenzake lililoko kwenye udongo mgumu hupata nguvu hiyo hiyo kidogo. Matokeo yake ni gurudumu moja kurusha tope huku la pili limesimama.

Anza na matairi

Shilingi ya kwanza iende kwenye matairi mawili ya nyuma. Tairi jipya la kawaida huwa na kina cha kashata cha milimita 8 hivi. Likibaki na milimita 3, kwenye lami kavu bado linakwenda, lakini kwenye udongo mwekundu uliolowa mifereji yake hujaa tope na tairi hugeuka kuwa kipara. Nunua matairi yenye kashata nene zilizoachana, ili tope litoke kadiri gurudumu linavyozunguka.

Usikimbilie tairi pana kwa kuwa linapendeza. Pale ambapo chini ya tope la juu kuna udongo mgumu, tairi jembamba hulikata tope na kufika kwenye ugumu huo. Tairi pana linafaa zaidi kwenye mchanga au tope lisilo na mwisho, ambako kazi ni kuelea.

Upepo nao ni dawa isiyo na gharama. Gari likiwa tupu na likienda taratibu, kupunguza upepo wa matairi ya nyuma hadi karibu PSI 20 hurefusha sehemu ya tairi inayogusa ardhi. Lakini kuna masharti mawili: usipunguze gari likiwa na mzigo, na usiingie lami kabla ya kuurudisha. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata moto na kupasuka. Geji na pampu viwe ndani ya gari, la sivyo usijaribu.

Uzito unaopanda na kubaki njiani

Katika majimbo ya Marekani yenye theluji, wenye pikapu huweka mifuko ya mchanga kwenye bodi kila majira ya baridi. Kanuni ni ile ile kwa Njombe. Kilo 100 hadi 150 zilizowekwa juu kabisa ya ekseli ya nyuma huongeza mshiko bila kuondoa chochote mbele.

Mahali pa kuweka uzito huo pana maana kubwa. Kwenye pikapu yenye sentimita 260 kati ya ekseli mbili, kilo 100 zikikaa sentimita 50 nyuma ya ekseli huongeza kilo 119 kwenye magurudumu ya nyuma, lakini huondoa kilo 19 kwenye yale ya mbele. Faida hiyo ndogo inalipwa kwa usukani mwepesi, na kwenye kona ya mteremko hilo si jambo la kuchezea. Mifuko ifungwe kwa kamba isiteleze gari linapofunga breki. Watu wasitumike kama uzito: anayeketi kwenye bodi ili gari lishike ndiye wa kwanza kuumia likipinduka.

Badala ya mchanga, pakia changarawe. Gari likifika mahali pabaya, mwaga mfuko mmoja au miwili kwenye makorongo ya magurudumu. Ukifika shambani unapakia viazi bila kupoteza nafasi. Safari 20 za kilo 150 ni tani 3 za changarawe zilizowekwa pale pale zinapohitajika. Wakulima watano wanaotumia njia moja wakikubaliana na serikali ya kijiji, kipande kibaya kinaweza kupitika kabla msimu haujaisha.

Njombe ni mkoa wa mbao, kwa hiyo mabanzi hayakosekani. Mabanzi manne ya urefu wa mita moja, beleshi na jeki vinatosha kulitoa gari mahali ambapo wengine wanasubiri trekta. Yapangwe mbele ya magurudumu ya nyuma, na watu wasisimame nyuma ya gari kwa kuwa banzi linaweza kuruka.

Springi na tamaa ya lumbesa

Wenye pikapu wengi huongeza pleti kwenye springi za nyuma ili zibebe zaidi. Springi hizo zikiwa ngumu mno, gari tupu hurukaruka kwenye mashimo, na kila gurudumu linaporuka halisukumi kitu. Shokapu zilizokufa huongeza tatizo hilo. Kwa hiyo pikapu iliyotengenezwa ibebe mzigo mkubwa wakati wa kutoka ndiyo inayokwama wakati wa kwenda. Dawa ni kurudisha pleti za idadi inayostahili na kubadilisha shokapu.

Hapa lumbesa inaingia. Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita kwa sababu inampunja mkulima, lakini inampunja pia mwenye gari. Analipwa kwa gunia, na gunia moja likiwa na kilo 130 badala ya 100, magunia 10 ni kilo 1,300. Anabeba kilo 300 bila malipo, anavunja springi zake, kisha anaongeza pleti na kuanza kukwama. Ni kweli mzigo mzito hushikisha magurudumu ya nyuma, lakini gari hilo hilo linapaswa kushuka mlima, na breki zake hazikuongezwa.

Difu iwe ya mwisho

Gurudumu moja likizunguka bure, jaribu kwanza kuvuta breki ya mkono kiasi huku ukikanyaga mafuta polepole. Breki hulizuia lile linaloteleza, na difu hulazimika kupeleka nguvu zaidi kwa lenzake. Njia hii inafaa kwa magari ambayo breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma, na haitumiki zaidi ya mita chache.

Wanaotaka suluhisho la kudumu watafute difu ya kuzuia mtelezo, ambayo baadhi ya pikapu zilitoka nayo kiwandani. Kwa difu ya mtumba, usitegemee maneno ya muuzaji. Ikiwa imefungwa kwenye gari, inua magurudumu yote mawili ya nyuma, zuia ya mbele, weka gia huru na uachie breki ya mkono, kisha zungusha gurudumu moja. La pili likizunguka kinyume, hiyo ni difu ya kawaida. Likifuata upande huo huo, inazuia mtelezo au imefungwa. Aina hii pia inahitaji oili yake maalumu.

Usikubali fundi achomelee difu ili magurudumu yazunguke pamoja daima. Kwenye tope itavuta vizuri. Lakini kwenye lami ya kwenda Makambako, kila kona itakula matairi, italisukuma gari nje ya mkondo wake na inaweza kukata shafti ya ekseli.

Hesabu ya mwenye gari

Tuchukue mfano, na kila mtu aweke nambari zake. Pikapu inabeba magunia 10 kwa nauli ya shilingi 5,000 kila moja, ikipanga safari 6 kwa wiki katika wiki 10 mbaya za mvua. Kila wiki inakwama mara moja na kupoteza safari moja. Ukitoa mafuta ya shilingi 20,000 ambayo hayakutumika, kila safari iliyopotea ni hasara ya shilingi 30,000, na kuvutwa na trekta ni shilingi 30,000 nyingine. Kwa wiki 10 ni shilingi 600,000.

Safari zilizofanyika ni 50, sawa na magunia 500. Hasara hiyo ni shilingi 1,200 kwa kila gunia lililofika barabarani, na mwenye gari hakubali kuibeba peke yake. Anaipandisha kwenye nauli, mnunuzi anaishusha kwenye bei, na mkulima ndiye wa mwisho kwenye mstari.

Kwa hiyo matairi ya pikapu si siri ya dereva na fundi wake. Kikundi cha wakulima kinachokodi gari moja msimu mzima kina sababu ya kulikagua mwezi Oktoba, ardhi ikiwa bado kavu, na hata kuchangia matairi mawili ya nyuma kwa makubaliano ya nauli isiyopanda mvua ikinyesha. Makubaliano hayo yaandikwe, pamoja na uzito wa gunia.