Mwanao wa chuoni akisema "Alhamdulillah", msikilize tena



Leo, baada ya Swala, wazazi wengi watawapigia simu vijana wao walioko vyuo vikuu, Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro na kwingineko. Mazungumzo hayo tunayajua, kwani nasi ni wazazi. Baba huuliza: umeswali? Mama huuliza: umekula? Kisha wote wawili huuliza masomo yanakwendaje. Kijana hujibu "Alhamdulillah", simu hukatwa, na nyumba nzima hulala kwa utulivu.

Neno hilo ni tukufu, na Muislamu hulitamka katika neema na katika mtihani. Kwa sababu hiyo hiyo, peke yake haliwezi kumwambia mzazi kwamba kijana wake yumo katika lipi kati ya mawili hayo.

Tumfikirie kijana wa mwaka wa kwanza, ambaye ndiye wa kwanza katika ukoo wake kufika chuo kikuu. Shuleni alizoea kuongoza darasa. Chuoni ameketi katika ukumbi wa mamia ya walioongoza madarasa yao. Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita "bumu", imechelewa. Matokeo ya muhula yametoka, ana "sapu" mbili, na anaogopa "kudisko", yaani kuondolewa chuoni. Usiku hapati usingizi, mchana haendi darasani. Msikitini alikuwa safu ya mbele, sasa haonekani. Anajiambia: nikiwaeleza nyumbani, nitawavunja moyo wote walionichangia nauli. Basi simu inapolia, hujibu "Alhamdulillah".

Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini kabla ya kumlaumu anayeficha, tujiulize ni nani aliyemfundisha kuficha. Mara nyingi ni sisi. Kijana akisema moyo umemwelemea, jibu letu la haraka ni kwamba imani yake imepungua.

Ndugu Waislamu, je, jibu hilo tumelitoa wapi? Katika Surat Yusuf tunasoma habari za Nabii Yaaqub (AS), aliyemhuzunikia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe. Huyo huyo ndiye aliyewakataza wanawe wasikate tamaa na rehema ya Allah. Huzuni na imani vilikaa katika kifua kimoja, tena kifua cha Nabii. Mtume wetu (SAW) alifiwa na Bi Khadija na Abu Talib katika mwaka mmoja, na wanahistoria wakauita Mwaka wa Huzuni. Aidha, imepokewa kuwa alikuwa akikithirisha kumuomba Allah amkinge na dhiki ya nafsi na huzuni. Hatujikingi na jambo lisilokuwepo.

Wanazuoni waliotutangulia walilifahamu hili vyema. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na siha ya nafsi. Humo alieleza kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua, na akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu bila ya kujua imetoka wapi. Hospitali kubwa aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo, mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Kwa hiyo anayempeleka mwanawe kwa mtaalamu hafuati mambo ya kigeni. Anarejea katika njia ya wazee wake.

Hali kadhalika, kusomewa Qur'ani na kuombewa dua ni jambo jema, wala hakugongani na tiba. Mtume (SAW) alipoulizwa na mabedui kama watumie dawa, aliwaamrisha watumie. Tusimfungie kijana ndani kwa miezi tukimsomea tu, huku maradhi yakikomaa.

Basi tuangalie dalili. Huzuni ya siku chache baada ya matokeo mabaya ni ya kawaida. Lakini ikidumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, akapoteza hamu ya chakula na ya mambo aliyoyapenda, akashindwa kulala au akalala kupita kiasi, akajiona hana thamani, hapo huenda ni maradhi ya sonona, nayo yana tiba. Vyuo vina ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ambayo wengi huikimbia wakidhani ni ya nidhamu na vyumba tu. Huko kijana anaweza kuelekezwa kwa mtoa ushauri nasaha. Kazi ya mtu huyo ni kusikiliza, kumsaidia kijana kuupanga mzigo wake, na kumpeleka hospitali ikibidi. Siri ya anayemshauri huitunza, isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Mzazi asichukizwe na siri hiyo. Ndiyo inayomfungua mwanawe kinywa.

Hatari yenyewe si ndogo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwamba mwaka 2021 hiyo ilikuwa sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Kijana akisema hataki kuishi, tusimhutubie adhabu ya akhera. Tumuulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumtii fikra hiyo. Kisha asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wanafunzi wenzake nao wana wajibu. Ndugu aliyekuwa safu ya mbele akikosekana wiki nzima, agongewe mlango wa chumba chake kabla ya kutajwa kwa ubaya.

Nasi wazazi, leo tukipiga simu, baada ya Swala na masomo tuongeze swali la tatu: na moyo wako, mwanangu, u hali gani? Kisha tunyamaze tungoje, hata kama muda wa maongezi unakwisha. Na tumwambie kabla hajaulizwa, kwamba akirudi nyumbani bila cheti, mlango uliomtoa ndio utakaompokea.

Allah awahifadhi vijana wetu na awaponye walio wagonjwa. Amin.