VIJINZI VYA NDIZI: JINSI TULIVYOVISHINDA NYUMBANI

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi nilidharau vijinzi vidogo vyenye macho mekundu, vile vinavyozunguka ndizi mbivu. Lo! Karibu vitufungie biashara.

Mama huuza ndizi na maembe kando ya barabara, na karo yangu hutoka papo hapo. Yanayobaki jioni tunayalaza jikoni. Likizo moja, mteja mmoja aliinua kichana cha ndizi. Wingu zima la vijinzi likaruka na kumvamia usoni. "Ah, mama, hizi ndizi ama mzinga?" akauliza, akakiweka chini na kwenda zake. Siku hiyo tulirudi nyumbani na ndizi karibu zote.

Mimi nikajitia ujuzi. Nikanunua dawa ya kupuliza, nikapuliza jikoni kote. Vikaanguka pu! pu! Asubuhi, hamadi! vingine tele. Mama naye akanigombeza, na alikuwa na haki: sumu ya wadudu na chakula havikai pamoja. Akauliza, "Kwani mwanangu, hawa wadudu wanatoka wapi?" Sikuwa na jibu.

Shule zilipofunguliwa nikamwendea mwalimu wetu wa Biolojia. Akacheka, akasema, "Wewe unawapiga wazazi na watoto unawalisha!" Kisha akanieleza.

Vijinzi hivi havizuki tu kutoka kwenye ndizi. Huvutwa na harufu ya tunda linaloanza kuchachuka, kwa sababu chakula chao hasa ni hamira inayoota humo. Jike moja huweza kutaga mayai 400 hivi maishani mwake. Yai huanguliwa baada ya siku moja hivi. Buu hula siku nne au tano, kisha hujifungia ndani ya kijifuko kigumu hadi aote mabawa. Penye joto la nyuzi 25, safari hiyo yote huchukua siku kama 10 tu! Ndiyo maana mwanasayansi Thomas Hunt Morgan wa Marekani alivifuga kwenye chupa. Kupitia kwavyo alionyesha kazi ya kromosomu katika urithi, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1933.

Basi tulifanya hivi:

Kwanza, tuliondoa malezi yao. Kila jioni tulichagua matunda yaliyopasuka au kuoza tukayafukia mbali na nyumba. Ndoo ya taka tuliimwaga na kuiosha kila siku. Tambara la kupangusia tulilifua na kulianika, maana hata humo mabuu huweza kukulia. Mwenye sinki naye asugue bomba lake, kwani uchafu wa ndani ni shamba lao.

Pili, matunda mazima tuliyaosha, tukayakausha na kuyafunika vizuri kwa kitambaa safi.

Tatu, tulitega mtego. Chukua gilasi, tia siki kidogo na matone mawili ya sabuni ya maji. Kunja karatasi mfano wa faneli yenye tundu dogo chini, uipachike mdomoni mwa gilasi. Harufu huwaita ndani, na kutoka huwa taabu. Sabuni nayo huvunja ule mvutano wa juu ya maji, hivyo kijinzi hakiwezi kusimama, huzama. Kama huna siki, kipande cha ndizi mbivu chafaa, lakini ukibadilishe kila baada ya siku mbili, la sivyo mtego wenyewe utageuka kitalu!

Siku ya tatu vilikuwa bado vipo, nikataka kukata tamaa. Lakini nikakumbuka hesabu: waliokuwa tayari ndani ya vijifuko lazima watoke. Tukavumilia. Wiki ya pili ilipokwisha, jikoni kulikuwa shwari, na wateja wa mama wakarudi mmoja mmoja.

Tahadhari moja: usivichanganye na yule inzi mkubwa wa maembe, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa nchini Kenya mwaka 2003. Yeye hutoboa tunda likiwa bado mtini, na vita vyake ni vya shambani.

Msomaji mwenzangu, usihangaike na kinachoruka. Tafuta kinapozaliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.