Kuuza Usichonacho: Habari ya Duka Lililofungwa Eastlands

Mwenye kuijua Eastlands ya Nairobi hahitaji kuambiwa kwamba huko kila mlango ni duka. Pita Jericho, pita Maringo, ingia Umoja au Kayole, utaona dirisha la chumba cha kulala limetiwa nondo na nyavu, na nyuma ya nyavu pana mkate, sabuni, mafuta ya kupima na mama aliyekaa kitako akichagua mchele. Buruburu nayo, iliyojengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970 iwe mtaa wa makarani na walimu wenye bustani mbele ya nyumba, bustani zake nyingi leo zimegeuka vibanda vya vinyozi na maduka ya dawa. Maduka hayo hayana siri. Mali iko rafuni, mwenye mali yuko nyuma yake, na mnunuzi huona kwa macho yake anachokitaka kabla mkono haujaingia mfukoni.

Lakini katika miaka hii kumi na kitu pamezuka maduka ya namna nyingine, yasiyo na dirisha wala rafu. Mwenye duka ana simu tu. Huchukua picha ya kitu asichokuwa nacho, akaitandaza mtandaoni, akaongeza chake juu ya bei ya mwenye mali. Akipata mnunuzi ndipo anaponunua, na mzigo hutoka kwa mwenye mali ukaenda moja kwa moja kwa mnunuzi; yeye aliye katikati hakuugusa. Vijana huiita kazi hii dropushipingi, neno ambalo ulimi wangu wa pwani umelikataa. Mimi nitaiita biashara ya mali ya picha, na msomaji ataniwia radhi.

Duka ninalotaka kulisimulia lilikuwa la binti wa jirani yangu, hapa Umoja. Jina lake nitalihifadhi, maana bado anatafuta riziki katika mitaa hii hii. Alikuwa karani wa mapokezi katika hoteli moja ya mjini. Machi 2020, ulipotangazwa mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini na amri ya kutotoka nje usiku ikafuata kabla ya mwezi kwisha, wageni walikatika na yeye akarudishwa nyumbani bila mshahara. Mama yake, ambaye zamu yake katika chama cha wanawake ilikuwa imefika, alimpa shilingi 15,000 zilizokuwa za kununulia cherehani. Cherehani ikangoja.

Alianza vizuri, na wanaocheka kazi za vijana wangefaa kumwona asubuhi zile. Alikuwa akiondoka alfajiri kwenda Kamukunji kwa wauzaji wa jumla wa vyombo vya jikoni, au Eastleigh, ambako tangu miaka ya 1990, nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge ilipogeuka soko, vyumba vya kulala watu vimekuwa vyumba vya kulala mali. Huko akipiga picha kwa ruhusa ya wenyewe, akirudi kuzipanga, na jioni simu ikianza kulia. Mzigo ulikwenda kwa bodaboda ukiwa wa Nairobi, au kwa ofisi za vifurushi za magari ya abiria ukiwa wa Nakuru au Kisumu. Fedha ziliingia kwa M-Pesa, ambayo tangu ilipoanza mwaka 2007 imemwezesha mtu wa Kayole kumlipa asiyemjua wa Donholm bila wawili hao kuonana uso kwa uso. Bila M-Pesa biashara hii isingezaliwa hapa.

Sasa tuingie katika hesabu, maana ndimo duka lilimofia. Binti huyo alikuwa na daftari, na alinionyesha ukurasa wa juma moja la kawaida. Mashine ndogo ya kukatia mboga alikuwa akiipata Kamukunji kwa shilingi 650 akiiuza 950, nauli juu ya mnunuzi. Faida shilingi 300 kwa kila moja, jambo zuri kabisa. Juma hilo aliagizwa kumi. Saba zilipokelewa, akapata 2,100. Tatu hazikupokelewa: mmoja alizima simu, wa pili alisema mumewe amekataa, wa tatu aliitazama mashine mlangoni akasema kwenye picha ilionekana kubwa zaidi. Lakini bodaboda hajui habari ya mume wala ya picha. Yeye amekwenda, na akilipwa shilingi 250 kwa kila safari iliyokufa, hizo ni 750. Matangazo ya kulipia mtandaoni yalikula 1,000. Ada za kutuma pesa pamoja na vifurushi vya intaneti, 200. Piga, toa, jumlisha: juma zima la kuamka alfajiri lilimbakishia shilingi 150.

Tena hizo mashine tatu zilizorudi, zenye thamani ya shilingi 1,950, zilirudi wapi? Vibanda vingi vya jumla vimebandika kibao kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Zikaingia chini ya kitanda. Na juma lililofuata mbili nyingine, na mto wa sofa, na taa. Biashara aliyoisifia kwamba haihitaji stoo ikajizalia stoo mle mle chumbani, ila stoo ya vitu vilivyokataliwa.

Hata hivyo palikuwa na kibanda kimoja kilichomstahimilia. Mwanamke mmoja wa Kamukunji, baada ya kumzoea miezi kadhaa, alimwambia: chukua asubuhi, ukiuza nipe pesa yangu, usipouza nirudishie mali kabla sijafunga. Wala hawakuandikiana. Niliposikia hayo nilicheka, kwa sababu jambo hilo sisi watu wa pwani tuna jina lake la zamani: mali kauli. Ndiyo mali inayochukuliwa kwa neno la mtu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Zanzibar kwenda bara ilibeba vitambaa na shanga za kukopa. Hata Tippu Tip, pamoja na ukubwa wake wote, bidhaa zake zilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na mashuhuri wao alikuwa Taria Topan. Sisemi hayo kuisifu misafara ile, ambayo miongoni mwa iliyoyabeba walikuwamo wanadamu. Nasema tu kwamba kufanya biashara kwa mali ya mwingine hakukuvumbuliwa na simu. Jambo jipya ni kuifanya kwa mali ya mtu usiyemjua, naye hakujui.

Huko ndiko binti alikoelekea mwaka 2022. Alichoka na bodaboda, akasikia kwamba wenzake wanauza vitu vya Uchina visivyopatikana Kamukunji. Akafungua akaunti katika soko moja la mtandaoni la huko, akawa anaweka picha za taa za sebuleni na mapazia, mnunuzi akilipa nusu mbele na nusu mzigo ukifika. Wauzaji hao bei yao ni ya dola. Na wasafirishaji nao, wanaokusanya vifurushi vya watu wengi huko na kuvileta pamoja, hutoza kwa kilo, kwa dola pia. Yeye alikuwa ameahidi kwa shilingi.

Mapema mwaka 2020 dola moja ilikuwa ikinunuliwa kwa takriban shilingi 100 za Kenya. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imegonga 160. (Baadaye mwaka huo huo ilishuka hadi 130 na ushei, lakini maiti haponi kwa dawa iliyofika baada ya maziko.) Kila juma lililopita kati ya siku ya kupokea nusu ya bei na siku ya kulipa kilo, faida yake ilikuwa ikiliwa na kitu asichokiona. Oktoba 2023 alipokea nusu kutoka kwa wateja 19, kila mmoja shilingi 1,200, kwa taa walizozitaka kwa ajili ya Krismasi. Krismasi ikaja na taa hazikuja. Zilifika Januari, na nusu yake zilikuwa za rangi na kimo kingine.

Hapa nitasema kidogo kuhusu tuliyosomeshwa chuoni, kwa sababu shauri hili lina umri mkubwa kuliko intaneti. Katika mlango wa biashara, maalim wetu alitufunza kwamba mtu haruhusiwi kuuza asichonacho mkononi, na sisi watoto tuliona ni sharti la ajabu, maana mjini wengi walikuwa wakifanya hivyo kila siku. Kisha akatueleza milango miwili iliyoachwa wazi. Mmoja ni bei ya salamu: mnunuzi hulipa bei yote papo hapo, na mali itakayokuja baadaye husifiwa kwa jinsi yake, kipimo chake na muda wake, pasibaki shaka. Wa pili ni uwakala: mtu husema wazi kwamba mali si yangu, mimi nakwenda kukununulia na ujira wangu ni kadha. Ukizitazama zile taa 19, utaona hazikuingia katika mlango wowote. Bei ililipwa nusu, muda haukujulikana, sifa ilikuwa ni picha iliyopigwa na mtu mwingine, na mnunuzi alidhani anazungumza na mwenye mali.

Hata sheria ya nchi inakaribia huko huko. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 ya kumlinda mtumiaji imeitaja mikataba ya mtandaoni, na inamtaka muuzaji amweleze mnunuzi mambo waziwazi kabla ya kufunga mapatano. Ni wangapi Umoja wanaoijua, hilo ni suala jingine.

Mimi ni mtu wa maneno, kwa hiyo kilichonishughulisha zaidi katika duka hilo ni neno moja. Chini ya kila picha binti alikuwa akiandika "ipo". Mwenye duka wa zamani Mombasa, ukimwuliza sukari, hakusema "ipo" mpaka ameigeukia gunia. Kama hana angesema "yapatikana", yaani ngoja nimtume mtoto kwa jirani. Baina ya maneno hayo mawili pana safari nzima, na anayengoja ana haki ya kuijua safari hiyo. Nilimweleza binti. Akaniambia, "Mzee, nikiandika yapatikana hakuna atakayenunua." Pengine ni kweli. Ndivyo mitaa yetu ilivyozoeshwa: anayesema ukweli wa siku 40 hushindwa na anayeahidi kesho.

Wala asidhaniwe kwamba wadogo tu ndio walioangukia hapo. Jumia, yenye fedha za wakubwa wa ng'ambo, ilifunga duka lake la Tanzania mwaka 2019, na huduma yake ya chakula ikafungwa mwisho wa 2023, Kenya ikiwamo. Copia, iliyoanza Kenya mwaka 2013 na kuwafikia watu wa mitaani na vijijini kupitia wenye viduka waliokuwa mawakala wake, iliwekwa mikononi mwa wasimamizi Mei 2024. Kampuni hizo zilikuwa na maghala, magari na wahasibu. Kufikisha kitu kidogo kwenye nyumba isiyo na anwani, kwa mnunuzi anayeweza kukataa mlangoni, ni kazi ghali kwa yeyote.

Januari hiyo ya 2024 binti alikuja kwangu jioni na simu mkononi. Wenzake walikuwa wamemshauri afute ukurasa, avunje laini ya simu, anunue nyingine. Ndivyo maduka ya picha yanavyofungwa aghalabu, na ndiyo maana watu wengi wa Eastlands wana kisa cha pesa zilizotumwa zikayeyuka. Lakini laini hiyo ndiyo mama yake aliyoitumia kuwaambia wenzake wa chama wanunue kwa mwanawe. Sita kati ya wale 19 walikuwa wanachama. Angevunja laini, mama angekutana nao wapi Jumapili? "Nisaidie kuandika tangazo la kufunga," akasema, "lakini lisiwe la kulia."

Tuliliandika kwa sentensi nne. Kwamba duka limefungwa. Kwamba taa zilizofika si zile zilizoagizwa, anayezitaka hivyo hivyo azichukue bila kuongeza kitu. Kwamba asiyezitaka atarudishiwa shilingi 1,200 zake kabla ya mwisho wa Machi, na ada ya kutuma ni juu ya duka. Na nambari ya simu, ile ile. Alitaka kuongeza kisa cha dola, nikamzuia. Aliyelipia taa hakulipia somo la uchumi.

Wateja wanane walichukua taa kama zilivyo. Kuna mmoja aliyemtukana usiku kucha kwa ujumbe, kisha asubuhi akaja kuchukua mbili badala ya moja, akimlipa hiyo ya pili. Kumi walitaka pesa. Aliuza kompyuta yake ya mapajani akawalipa mmoja mmoja, wa chama kwanza, na kila akimaliza mtu alipiga mstari daftarini kwa rula. Yule mwanamke wa Kamukunji, alipopata habari, alimwita akae kibandani kwake siku tatu kwa juma, auze mali iliyoko rafuni na kujibu maswali ya wateja wa simu, kwa ujira. Yuko huko mpaka sasa. Shilingi 15,000 za mama hazijarudi zote.

Amebaki mteja mmoja, wa kumi na tisa. Nambari yake haipatikani tangu Februari ile, na jina lililotokea kwenye M-Pesa halijulikani na yeyote tuliyemwuliza. Binti aliniuliza afanye nini nazo. Nilimwambia azitenge, asizichanganye na zake, na aendelee kupiga. Hupiga kila mwisho wa mwezi, akaandika tarehe pembeni mwa jina lile ambalo halijapigwa mstari.