Kamina: Ukikaribia pensheni, anza na lupango mbele ya shamba kubwa

Kamina ni mji wa reli. Njia inayotoka Lubumbashi na Bukama inafika hapa, kisha inagawanyika: moja inaenda Ilebo, nyingine inaenda Kabalo. Kipande cha Bukama mpaka Ilebo kilimalizika mwaka wa 1928, na kile cha Kamina mpaka Kabalo mwaka wa 1956. Ndiyo maana hapa kuna familia zilizoishi vizazi viwili ao vitatu kwa mshahara wa reli: zamani BCK, leo SNCC. Zingine ziliishi kwa mshahara wa mwalimu, wa muuguzi ao wa askari wa kituo cha jeshi.

Leo wengi wa hao wafanyakazi wako na miaka 55, 58, 60. Wanajua pia kama mshahara wa reli umekuwa ukichelewa kwa muda mrefu. Ukiwauliza watakula nini siku kazi itaisha, utasikia jibu moja: «Nikishapata malipo yangu ya mwisho, nitanunua shamba, nitalima.»

Jibu hilo linaonekana la akili, lakini ndilo linaangusha watu. Kuishi kwa kidogo na kujilisha mwenyewe ni kazi ya kujifunza kama kazi ingine yote. Mtu anayeanza kujifunza siku mshahara umekatika, na pesa yote mkononi, amechelewa. Mtu anayeanza miaka mitatu mbele, kwa kipande kidogo, anakosea bila kufa njaa.

Somo kutoka Gécamines

Mfano uko karibu. Mwaka wa 2003, kwa pesa ya Benki ya Dunia, Gécamines ilifungua mpango wa kuondoka kazini kwa hiari. Wafanyakazi 10.655 wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi waliondoka, kila mmoja na malipo ya mara moja. Hesabu ya malipo hayo ilileta mabishano, na wengine walidai kwa miaka mingi. Lakini kuna jambo lingine la kuangalia. Pesa ilipofika, ilikuta madeni, masomo ya watoto, nyumba isiyomalizika na ndugu wanaongojea. Wengi walijaribu biashara ao shamba kwa mara ya kwanza na kile kilichobaki, na kile kilichobaki hakikudumu.

Pesa ya mara moja ni nzuri kwa kuziba matundu: kulipa deni, kubadilisha mabati, kununua mbegu. Si nzuri kwa kujifunzia ukulima, kwa sababu ukikosea msimu wa kwanza, hakuna ingine inayokuja.

Na pensheni ya kila mwezi? Kwa wafanyakazi wa makampuni, tangu mwaka wa 2018 ni CNSS ndiyo imechukua nafasi ya INSS. Mfanyakazi anachangia 5% ya mshahara wake, mwajiri 13%. Lakini pensheni inahesabiwa kwa kufuata kile kilichoandikwa na kulipwa kwa jina lako. Nenda uangalie hesabu yako ungali kazini, wakati bado unaweza kuuliza mwajiri. Kisha panga maisha yako kana kwamba pensheni itachelewa. Ikifika kwa wakati, itakuwa furaha.

Anza na kile kinachotoka

Kabla ya kugusa jembe, chukua kayee. Mwezi mmoja, kila jioni, bwana na bibi waandike pamoja kila franka iliyotoka: unga, mafuta, mboga, samaki, makala, sabuni, yunite za simu, pombe, michango ya matanga, shule.

Mwisho wa mwezi, gawa katika mafungu matatu. La kwanza ni vile ambavyo nyumba inaweza kujitolea yenyewe: mboga, mayai, sehemu ya unga. La pili ni vile vitakavyonunuliwa siku zote lakini vinaweza kupunguzwa: makala, yunite, pombe, sukari. La tatu ni vile visivyozalishwa na jembe: dawa, chumvi, masomo ya wajukuu. Fungu la tatu ndilo pesa ya pensheni itafanyia kazi. Mafungu mawili ya kwanza ndiyo kazi yako.

Hapo utashangaa. Ile pesa ndogo ya mboga ya kila siku, ukiijumlisha kwa mwezi, si ndogo tena. Na mboga ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kupata bila kununua.

Mwaka wa kwanza: lupango

Lenga-lenga inachunwa wiki tatu mpaka nne baada ya kupanda. Matembele yanajiotea yenyewe ukipanda vipande vya mashina. Miti kumi ya mihogo kando ya ukuta inatoa sombe. Papai linaanza kuzaa karibu mwaka mmoja. Avoka iliyopandikizwa inaomba miaka mitatu ao minne: ukipanda na miaka 57, utakula ukiwa na 61. Ndiyo sababu miti inapandwa kwanza, si mwisho.

Maji ya kuoshea vyombo, bila sabuni nyingi, yanaenda kwenye mboga wakati wa kiangazi. Majani, majivu kidogo, maganda na mavi ya kuku vinaingia katika shimo moja. Baada ya miezi michache ni mbolea, na haujanunua mfuko.

Kuku nao wana siri yao. Kila mtu hapa ameona mwaka ambao kuku wote wanakufa ndani ya siku chache. Mara nyingi ni ugonjwa wa Newcastle, na uko na chanjo. Uliza daktari wa mifugo mbele ya kiangazi, si kuku wa tatu akishakufa. Watu wa kartie moja wakiungana, chanjo inakuwa bei ndogo kwa kila mmoja.

Shamba: hesabu mbele ya nguvu

Tuchukue mfano wa nyumba ya wazee wawili na wajukuu wanne. Mtu mzima anayekula bukari kila siku anamaliza karibu gramu 400 za unga, ni kusema kilo 146 kwa mwaka. Tuseme mtoto anakula nusu. Nyumba hiyo inaomba karibu kilo 584 za unga kwa mwaka.

Katika nchi yetu, mahindi ya mkulima mdogo asiye na mbolea ya mfuko yanatoa kwa wastani karibu kilo 800 kwa hekta. Kwa hiyo, ukitaka kula mahindi peke yake, sherti ulime robo tatu ya hekta. Hekta ni mita 100 kwa mita 100, zaidi ya uwanja wa mpira. Kwa mtu wa miaka 60 anayeshika jembe mara ya kwanza, hiyo ni mgongo kuvunjika.

Sasa angalia mihogo. Wastani wake ni karibu tani 8 za mizizi mibichi kwa hekta, na kilo tatu mbichi zinatoa karibu kilo moja kavu. Nusu ya unga wa ile nyumba, kilo 292, inapatikana katika kipande cha mita 22 kwa 50. Kwa kuwa mihogo inakaa udongoni mwaka mmoja na zaidi, unapanda vipande viwili kwa zamu. Nusu ingine ya unga, mahindi, inaomba karibu mita 60 kwa 60. Jumla ni zaidi kidogo ya nusu hekta, na kazi haiji yote siku moja, kwa sababu mihogo inangojea udongoni mpaka siku unapoihitaji.

Mama zetu wanaochanganya unga wa mihogo na wa mahindi katika bukari walishafanya hesabu hii zamani, bila kayee. Usisahau tu: mihogo michungu inalowekwa siku tatu ao zaidi mbele ya kuanikwa. Kuipunguzia siku ni kutafuta sumu.

Panda maharagi ao karanga katikati ya mahindi: zinalisha watu na zinarudishia udongo nguvu. Lakini mwaka wa kwanza usilime nusu hekta. Lima mita 20 kwa 50. Andika siku ulizotumia, mbegu, na kilo ulizovuna. Hiyo ndiyo itakuambia kama mwaka unaofuata uongeze ao ubaki hapo.

Mwalimu yuko nyumbani

Kuna haya inayokwamisha wababa wengi: «Mimi nilikuwa mtu wa biro, leo wanione na jembe begani?» Tuseme ukweli. Miaka ya 1990, mishahara ilipokatika katika makampuni ya Katanga, nani alilisha nyumba? Mara nyingi ni mama, aliyeenda shambani kwa miguu ao kwa kinga, aliyeuza karanga kwa meka sokoni, aliyecheza likilimba na wenzake. Kwa hiyo katika nyumba nyingi, maisha ya kujitegemea hayaanzi leo. Ni baba ndiye anaanza. Mama ana miaka 30 ya masomo.

Baba anayekuja shambani kuamuru, kwa sababu alikuwa chef kazini, atapoteza msimu. Baba anayeuliza udongo gani ni wa karanga, na mvua gani ya mwezi wa 10 ni ya uongo, atapata mavuno. Na kama mama alikuwa anaweka pesa ya mavuno yake, isiguswe bila yeye. Ndiyo ilibeba nyumba.

Kuvuna si mwisho

Nyumba nyingi zinapoteza chakula baada ya kuvuna. Mahindi yanauzwa kwa bei ya chini mwezi wa 4 kwa sababu ya deni, kisha yananunuliwa tena kwa bei kali mwezi wa 12. Yaliyobaki yanaliwa na wadudu ao yanaota ukungu.

Ili kujua kama mahindi yamekauka, chukua chupa kavu, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa, acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, bado kuna maji: anika tena. Karanga zilizoota ukungu usile wala usipe kuku. Sumu yake haitoki kwa kupika.

Karatasi zinalinda mjane

Jambo la mwisho wazee hawapendi kusikia. Ukipanda avoka na kujenga jiko zuri, halafu ukafa bila karatasi, anayefukuzwa ni mke wako. Kodi ya Jamaa ya mwaka wa 1987 inampa mjane haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja na kutumia sehemu ya udongo waliolima karibu nayo. Lakini kudai haki hiyo, ao pensheni ya mjane, bila ndoa iliyoandikwa kwa ofisi ya serikali ni vita ngumu. Andikisha ndoa. Andikisha watoto. Shamba ulilopewa na chef wa kijiji, omba karatasi yenye mipaka na majina ya washahidi, na jina la mama liwe ndani.

Kujitegemea si kujitenga

Hakuna nyumba ya Kamina itakayojipa kila kitu. Chumvi, dawa, msumeno na kalamu ya mjukuu vitanunuliwa. Siku ya ugonjwa, ni jirani na likilimba watakaokuja, si mahindi ya ghalani. Kwa hiyo usikate michango yote kwa jina la kubana pesa. Punguza ukubwa wa sherehe, lakini usikose matanga.

Kama uko na miaka 57 leo, mpango ni huu: kayee mwezi huu, miti na mboga ya lupango mvua ikianza, mita 20 kwa 50 msimu huo huo, bibi akiongoza, karatasi mbele ya mwaka kuisha. Siku treni ya mwisho ya kazi yako itapita, utakuwa umeshavuna mara tatu.